Umande, Baridi na Kompyuta ya Mtazamaji wa Nyota

Usiku ulio mwema kwa kutazama nyota ndio usiku ulio mwema kwa umande. Mambo hayo mawili hayakukutana kwa bahati tu, bali yana chanzo kimoja, nacho ni anga isiyo na mawingu na hewa iliyotulia. Mwalimu anayewatoa wanafunzi wake uwanjani ili wapate kuiona Zohali na pete zake huomba mbingu nyeupe isiyo na wingu hata moja. Akijaliwa hayo, basi amejaliwa pia maji juu ya meza yake kabla ya usiku wa manane.

Zamani chombo cha mtazamaji kilikuwa darubini, daftari na kalamu. Umande ulipolowesha daftari, hasara ilikuwa ukurasa mmoja. Leo mambo yamebadilika. Picha za sayari hupokewa na kamera ndogo iliyofungwa nyuma ya darubini, nayo kamera hiyo huzipeleka kwa wingi katika kompyuta mpakato, ile ikunjwayo kama kitabu. Ramani ya nyota imo ndani ya kompyuta hiyo hiyo, pamoja na saa ya kupimia wakati na programu ya kuiongoza darubini. Hivyo kifaa kilichoundwa kwa ajili ya meza ya ofisi huletwa nje usiku, juu ya majani mabichi, na hutakiwa kufanya kazi kwa saa 4 au 5 bila kukoma.

Katika shule nyingi zetu kompyuta ya namna hiyo ni moja tu, na ikiharibika hakuna nyingine. Kwa sababu hiyo wakuu wengi huona ni busara kuifungia kabatini na kukataza isitoke nje kamwe. Wengine, kinyume chao, huitoa bila kinga yoyote, na baada ya miezi michache hubaki na sanduku lisilowaka. Maoni yanayotetewa hapa ni kwamba makundi yote mawili hukosea kwa sababu moja: hayajajali elimu ya umande, elimu ambayo imo tayari katika masomo ya shule za sekondari na ambayo gharama yake haifiki hata bei ya chaja moja.

Umande hutoka wapi

Watu wengi husema kwamba umande "huanguka" kama mvua nyepesi. Sivyo. Umande ni mvuke uliokuwamo hewani, ukageuka maji pale ulipogusa kitu kilichopoa. Hewa yenye joto la nyuzi 30 za Sentigredi huweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 20 hubeba gramu 17 tu, na ikifika nyuzi 10 hubeba gramu 9 na kidogo. Mvuke unaozidi uwezo huo hauna budi kutoka, nao hutoka kwa kugeuka matone. Kiasi cha baridi ambacho matone huanza kutokea huitwa kiwango cha umande.

Aliyeeleza jambo hili kwa uthabiti ni William Charles Wells, daktari aliyekuwa akifanya kazi London, katika kitabu chake kuhusu umande kilichotolewa mwaka 1814. Wells alitandaza vifungu vidogo vya sufu bustanini usiku, akavipima uzito kabla na baada, ili ajue kila kimoja kimenywa maji kiasi gani. Aliona kwamba sufu iliyowekwa wazi chini ya anga ilipata maji mengi, na ile iliyofunikwa kwa juu, hata kama hewa iliizunguka pande zote, ilipata kidogo. Hapo akafahamu kwamba vitu hupoa usiku kwa sababu hutoa joto lake kwa njia ya mnururisho kuelekea anga. Penye wingu au paa, sehemu ya joto hilo hurudishwa. Pasipo na kitu, joto huenda zake, na kitu hicho huwa baridi kuliko hewa inayokizunguka.

Inafaa kukumbuka neno moja ambalo Wells mwenyewe alilikiri. Hapo kwanza aliwacheka wakulima wa bustani waliofunika miche yao kwa mikeka myembamba usiku wa baridi, akidhani kwamba mkeka mwembamba hauwezi kuzuia baridi ya hewa. Baada ya utafiti wake aliona kwamba wakulima walikuwa wakitenda jambo la haki, na msomi ndiye aliyekuwa na nusu ya elimu. Mkeka haukuzuia hewa, bali ulizuia mche usitazamane na anga. Kanuni hiyo ya mkeka ndiyo msingi wa kila kinga itakayotajwa hapa chini.

Maagizo ya nchi za baridi

Vitabu na maelekezo mengi juu ya kutunza kompyuta wakati wa kutazama nyota yaliandikwa Marekani, Kanada na Ulaya, ambako usiku wa majira ya baridi hushuka chini kabisa ya nyuzi 0. Huko adui wa kwanza ni baridi yenyewe. Betri za lithiamu hupungukiwa nguvu zikipoa, kwa kuwa mwendo wa kikemia ndani yake hupungua. Kuzijaza umeme zikiwa chini ya nyuzi 0 huziharibu kabisa, maana lithiamu hujikusanya kama chuma juu ya ncha moja ya betri badala ya kuingia ndani yake. Umajimaji ulio katika kioo cha kompyuta huwa mzito, na picha huchelewa kubadilika. Diski zinazozunguka nazo huwa nzito kuanza. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huandika kwamba kompyuta mpakato itumiwe kati ya nyuzi 10 na 35, au 5 na 35.

Mtu anayeyasoma maagizo hayo akiwa Njombe au Limuru anaweza kudhani kwamba baridi ya kwao ni ndogo na hivyo hana la kuhofia. Dhana hiyo ni ya hatari. Ni kweli kwamba katika Afrika ya Mashariki ni sehemu chache zinazopata sakitu, kama vile uwanda wa Kitulo, ulio juu ya mita 2,500, katika miezi ya Juni na Julai. Lakini watengenezaji hao hao huandika pia sharti la pili, ambalo wasomaji wengi hulipita: kwamba unyevu wa hewa usifike mahali pa kugeuka maji. Sharti hilo la pili ndilo linalovunjwa kwetu karibu kila usiku mweupe. Kwao adui mkubwa ni baridi, kwetu ni maji, na dawa ya ugonjwa mmoja si lazima iponye mwingine.

Tazama mfano huu. Jioni moja ya kiangazi katika nyanda za juu, hewa ina nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 80. Kuna kanuni nyepesi ya kukadiria: kwa kila asilimia 5 zinazopungua kutoka 100, kiwango cha umande huwa nyuzi 1 chini ya joto la hewa. Kwa hesabu hiyo kiwango cha umande ni nyuzi 11 hivi. Mgongo wa kioo cha kompyuta, uliogeukia anga, waweza kupoa nyuzi kadhaa chini ya hewa. Basi hewa haihitaji kushuka sana ndipo matone yaonekane. Mwanafunzi atashangaa kuona maji juu ya kompyuta na hali kipimajoto kinaonyesha kwamba hakuna baridi kali.

Hatari ya kuingia na hatari ya kutoka

Kompyuta inapofanya kazi hutoa joto, nalo joto hilo huilinda kwa kiasi fulani. Kwa hiyo madhara makubwa hayatokei wakati wa kazi, bali baada yake. Kazi ikiisha kompyuta huzimwa, hupoa kama vitu vingine, kisha hubebwa ndani ya nyumba. Chumba chenye joto la nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 60 kina kiwango cha umande cha nyuzi 14 hivi. Kompyuta iliyopoa hadi nyuzi 8 ikiingia humo, mvuke utageuka maji juu yake na hata ndani yake, kwenye vibao vya nyaya ambako jicho halifiki. Mtu akiona nje pamekauka baada ya kufutwa kwa kitambaa, huiwasha ili aziangalie picha zake. Hapo ndipo shoti inapotokea.

Katika mwambao mambo hugeuka juu chini, na hili halimo katika maagizo ya nchi za baridi. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, usiku wa joto, hewa ya nje huweza kuwa na nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80. Kiwango chake cha umande ni nyuzi 24. Kompyuta iliyokaa mchana kutwa katika ofisi yenye kiyoyozi, au iliyosafirishwa katika gari lenye kiyoyozi, ina nyuzi 20 au 21. Ikitolewa tu nje, hulowa. Bara hatari ni wakati wa kuingia ndani, pwani hatari ni wakati wa kutoka.

Pwani ina adui mwingine pia, nayo ni chumvi. Upepo wa bahari huacha utando mwembamba wa chumvi juu ya kila kitu. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya mvuke na kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, yaani kabla hata umande haujatokea. Maji ya umande peke yake ni karibu safi, na maji safi hayapitishi umeme vizuri. Yakichanganyika na chumvi, vumbi na jasho la vidole, huwa njia ya umeme na mwanzo wa kutu. Kwa hiyo kompyuta ya Bagamoyo yahitaji kufutwa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kazi, hata kama hakuna tone lililoonekana.

Kinga zilizo karibu na mikono yetu

Kinga ya kwanza ni paa. Mwavuli mpana uliosimikwa juu ya meza hufanya kazi ile ile iliyofanywa na mkeka wa wakulima wa Wells. Boksi gumu lililolazwa ubavu, mdomo wake ukimwelekea mtumiaji, ni bora zaidi, kwa maana hukinga juu, nyuma na pande mbili. Likitandikwa sponji ndani na kufunikwa khanga ya rangi nzito kwa mbele, huhifadhi sehemu ya joto la kompyuta na pia huzuia mwanga wa kioo usiwapofushe wale wanaotazama nyota kwa macho. Ila matundu ya kutolea joto yasizibwe. Kompyuta iliyofungwa kabisa huunguzwa na joto lake yenyewe.

Kinga ya pili ni kuinua. Hewa iliyo karibu na majani ndiyo iliyo baridi na yenye unyevu zaidi usiku uliotulia. Meza yafaa kuliko mkeka, na baraza yafaa kuliko uwanja. Pengine ni bora zaidi kompyuta ibaki barazani na darubini peke yake iwe uwanjani. Waya wa USB wa kawaida haufai kuzidi mita 5, lakini waya wa mtandao hufika mita 100. Kompyuta ndogo kama vile Raspberry Pi yaweza kufungwa kwenye darubini na kutuma picha mahali penye paa, na yenyewe ikiharibika hasara huwa ndogo.

Kinga ya tatu ni subira. Kabla ya kuingia katika chumba chenye joto, kompyuta izimwe, itiwe katika chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, kama kile cha kuhifadhia unga, na mfuniko ufungwe ungali nje. Mvuke wa chumba utatua juu ya chombo, na kompyuta itapashwa joto ikiwa kavu. Ikae humo hadi asubuhi. Maagizo ya kigeni hutaja mfuko wa plastiki, lakini mifuko ya kubebea ya aina hiyo ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Chombo chenye mfuniko kinafaa zaidi, tena hudumu. Pwani utaratibu ugeuzwe: kompyuta itolewe kwenye kiyoyozi ikiwa imefungwa chomboni saa kadhaa kabla ya kazi, ipate joto la nje kwanza, ndipo ifunguliwe.

Vifuko vya jeli ya silika, vile vinavyotupwa mtu anunuapo viatu, vyafaa kuhifadhiwa na kuwekwa chomboni. Vikishiba maji, punje zake huweza kukaushwa tena katika joto la nyuzi 120 hivi. Mchele hauwezi kushika nafasi hiyo. Pwani watu hutia punje za mchele katika chumvi ili isishikamane, na pengine hapo ndipo ilipotoka imani kwamba chombo cha umeme kilicholowa kizikwe katika mchele. Mchele hunyonya kidogo sana na polepole, tena huacha unga katika matundu. Kompyuta iliyolowa ichomolewe, izimwe na iachwe mahali pakavu penye hewa inayopita kwa siku mbili au zaidi bila kujaribiwa.

Kuna tahadhari moja iliyo kubwa kuliko zote, kwa kuwa haihusu kompyuta bali watoto. Waya wa kurefushia umeme wa volti 230 haufai kuburuzwa juu ya majani yenye umande, mahali ambapo wanafunzi hutembea gizani, pengine bila viatu. Betri ya volti 12, kama ile ya gari au ya sola, hutosha kwa kazi ya usiku mmoja. Vivyo hivyo, jiko la mkaa lisiingizwe katika hema au chumba kilichofungwa ili kupasha joto watu au vyombo. Moshi usioonekana wa mkaa huua.

Kabati lililofungwa

Yapo maneno ya haki katika upande wa wale wanaofunga kabati. Fedha za shule ni chache, na mkuu wa shule ndiye atakayeulizwa chombo kikipotea au kikifa. Lakini kompyuta iliyofungiwa miaka 5 bila kutumika nayo hufa. Betri yake huisha nguvu, mtindo wake hupitwa na wakati, na wale waliokuwa kidato cha kwanza huondoka shuleni bila kuigusa. Hasara hiyo haiandikwi katika vitabu vya hesabu, ila ni hasara.

Tena mambo ya mbinguni hayamngoji mtu. Tarehe 27 Julai 2018 Mwezi ulipatwa wote kwa dakika 103, muda mrefu kupita kupatwa kwingine kote kwa Mwezi katika karne hii, na Afrika ya Mashariki iliuona tangu mwanzo hadi mwisho. Tarehe 7 Septemba 2025 ulipatwa tena kwa dakika 82, kuanzia saa 2 na nusu usiku. Anayetaka kupima jinsi mwanga wa Mwezi unavyofifia na kurudi hana budi kupiga picha kwa muda wa saa tatu na nusu au zaidi. Chombo kikizimika katikati kwa sababu ya maji, kipimo chote kimepotea, wala hakuna wa kumwomba Mwezi urudie.

Jambo la kusikitisha ni kwamba elimu inayohitajika haiko mbali. Shule nyingi za sekondari zina kibanda cha hali ya hewa kwa ajili ya somo la jiografia, na ndani yake mna vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kimoja chenye kitambaa kilicholowa. Wanafunzi hukariri majina yake kwa ajili ya mtihani. Ni wachache wanaoambiwa kwamba tofauti ya vipimajoto hivyo viwili, isomwapo jioni, yaweza kuwaeleza umande utatokea saa ngapi juu ya meza yao. Somo la fizikia hufundisha mnururisho upande mmoja, somo la jiografia hufundisha unyevu upande wa pili, na kompyuta inaoza katikati.

Kwa hiyo yapasa mambo matatu yafanyike. Kwanza, kila shule au chama kinachonunua darubini na kompyuta kitenge sehemu ndogo ya fedha hizo kwa ajili ya boksi, mwavuli, chombo chenye mfuniko na betri ya volti 12. Pili, mwanafunzi mmoja katika kila kikundi apewe kazi ya umande: kusoma vipimajoto, kukadiria saa ya hatari na kuandika daftarini kilichotokea. Baada ya mwaka mmoja shule itakuwa na kumbukumbu za mahali pake yenyewe, zilizo na thamani kuliko maagizo ya nchi nyingine. Tatu, maelekezo ya matunzo yaandikwe kwa Kiswahili na kwa hali yetu, ya bara kwa bara na ya pwani kwa pwani.

Tarehe 31 Desemba 2028 Mwezi utapatwa wote tena, na watu wa Afrika ya Mashariki watauona jioni, mbingu zikiwa wazi. Upo wakati wa kutosha wa kutengeneza boksi, na ufunguo wa kabati unajulikana ulipo.